Koti la Watu Wanne

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja tu, na hata hilo halikuzaliwa benchi. Lilikuwa chaga za ghalani, zile mbao wanazopangia marobota ili yasiguse sakafu, zilizogongomelewa miguu na kuegemezwa kwenye ukuta wa kibaraza cha fundi cherehani. Kulia kulikuwa na mtaro uliojaa kila mvua iliponyesha, na msimu huo mvua ilinyesha mpaka kuta zikaota manyoya ya kijani. Kushoto alikaa Shangazi na jiko lake, birika lake na ndoo ya kuoshea vikombe; hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini alimkaripia kila mtu. Waliokaa hapo tangu asubuhi hadi kahawa iishe walikuwa wanaume wanne waliotoka kiwanda kimoja cha nguo, kiwanda ambacho sasa kilikuwa geti, kufuli na majani. Mmoja alikuwa mtunza ghala, wakamwita Stoo. Wa pili alichanganya rangi, wakamwita Kemia. Wa tatu alilinda geti akiwa na redio ndogo sikioni, wakamwita Redio. Wa nne ndiye mwenye kibaraza, aliyeshona sare za kiwanda, na huyo aliitwa Wastani kwa sababu tutakayoifikia sasa hivi. Asubuhi ile Stoo alikuja amebeba mfuko wa nailoni kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Akaulaza juu ya meza ya cherehani, akasema neno ambalo kijiwe hakikuwa kimelisikia kwa muda mrefu.

— Nimeitwa.

Shangazi aliliacha birika likining'inia hewani.

— Umeitwa wapi? — Wastani aliuliza, pini zikiwa bado mdomoni.

— Bohari la dawa. Wanatafuta mtunza stoo. Kesho asubuhi niwe getini kwao.

— Aliyekuita nani?

— Binti mmoja kwenye simu. Ana heshima zake. Kasema, baba, uje nadhifu.

— Kakuita baba, — alisema Redio.

— Aniite nani tena? Mjomba?

— Sijasema kitu. Nimesikia tu kwamba kakuita baba.

Kemia alisogea kwenye benchi, akamwachia mwenzake nafasi ya kukaa, akasema:

— Basi tumeitwa.

Hivyo ndivyo walivyosema siku zote, tumeitwa, kwa kuwa koti lililokuwa ndani ya nailoni lilikuwa la wote wanne. Kiwanda kilipofungwa, kila mmoja alijua kwamba ataitwa mahali kufanyiwa usaili, na kila mmoja alijua kwamba hana koti la kuingilia. Wakachanga wakanunua kitambaa. Fundi akawapima wote, akajipima na yeye mwenyewe, kisha akafanya jambo ambalo fundi mwingine asingethubutu: akajumlisha mabega ya wote akagawanya, akajumlisha mikono akagawanya, na vifua vivyo hivyo. Likatoka koti la sufu la kijivu, la kupendeza mno likiwa kwenye henga, ambalo halikumkaa binadamu yeyote. Redio, mrefu kama nguzo ya simu, alilivaa mikono ikaishia karibu na viwiko. Kemia alizama ndani yake kama aliyeazimwa na babu. Tangu siku hiyo fundi akawa Wastani, na hata mkewe humwita hivyo akikasirika.

Kulitunza alipewa Stoo. Angepewa nani mwingine? Kule kiwandani hapakuwa na robota lililowahi kuota ukungu mikononi mwake. Alijua nafasi ya kuacha kati ya mzigo na ukuta. Alijua kufungua madirisha ya juu jua likichomoza na kuyafunga kabla ya umande. Mwanzoni koti halikukaa: leo limekwenda na Kemia kwenye kiwanda cha sabuni, juma lijalo limekwenda na Redio kwenye benki. Likirudi, Stoo analipiga brashi, analitundika dirishani, linasubiri. Kisha simu zikapungua, kisha zikakoma. Koti likatoka kwenye henga likaingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na Stoo kwa kulionea huruma akalivisha nailoni mbili, akazifunga kwa utepe, na mifukoni akatia vidonge vyeupe vya kufukuza nondo.

Wastani alikata utepe kwa mkasi.

Harufu iliinuka taratibu, kama mtu mzima anayejivuta kutoka kitandani. Ilikuwa na unyevu ndani yake, na kutu ya bati, na ukali wa vidonge, na magazeti ya zamani, na kitu kingine kisicho na jina, kile kinachobaki chumbani wapangaji wakishahama.

— Hee, — alisema Shangazi kule kwenye jiko lake. — Nani kafa?

— Hakuna aliyekufa, Shangazi. Ni koti.

— Hilo ndilo la kuombea kazi?

Stoo alikuwa ameinama juu ya sufu, pua kwenye kwapa la koti, akinusa kama alivyokuwa akinusa mizigo ya pamba zamani, akiiomba harufu imwambie ilikotoka. Ilimwambia. Alikuwa amekosea kosa la mtu anayejua: alilifungia hewa. Nguo ya sufu haifungiwi hewa wakati wa mvua. Jambo hilo angemfokea kibarua wa kwanza ambaye angelifanya ghalani kwake. Lakini chini ya kitanda chake, na chumba kinachovuja pembeni, aliona kila tone linaliwinda koti, akazidisha nailoni.

— Stoo, — Redio alisema polepole, si kwa ubaya. — Unakwenda kuomba kazi ya kutunza vitu visiharibike.

— Najua.

— Umevaa kitu ulichokitunza wewe.

— Nimesema najua, Redio.

— Si aende na shati? — Shangazi aliuliza. — Shati safi lina kosa gani?

— Shati lake nalifahamu mimi, — Wastani alijibu. — Kola ilichakaa nikaigeuza. Ikachakaa upande wa pili nikaigeuza tena. Kola haina upande wa tatu.

Stoo hakucheka. Alikuwa akifikiria jambo moja tu: binti wa simuni hakumwuliza umri. Labda alisahau. Safari nyingine, kama ingekuwapo, wangemwuliza kwanza umri, na simu ingekatwa kwa heshima zote. Mkewe alikuwa amekwisha kumwambia dada yake, na dada yake hakuwahi kufunga mdomo kwa jambo lolote. Nyumbani watoto walimpisha mlangoni asubuhi ile, wakimtazama kama mtu aliyepona.

— Kwanza jua, — alisema Wastani.

Wote wakatazama juu. Mbingu ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.

— Jua lipi, kaka? — Kemia akauliza.

— Nilikuwa nasema tu.

— Magadi, — alisema Shangazi. — Mnayapaka, mnayaacha yanywe, mnakung'uta. Mimi ndivyo nilivyoliponya godoro la mama mkwe wangu.

— Godoro lilipona?

— Mama mkwe ndiye hakupona. Godoro lipo.

Magadi yakaletwa kutoka jikoni kwake, yakasagwa kwa kitako cha kikombe, yakapakwa. Wakasubiri. Wakanywa kahawa ya kwanza, wakasema habari za mtaro, kisha Wastani akalikung'uta koti kwa brashi. Likatoka na mistari myeupe mgongoni, kama punda milia wa kijivu, na harufu ikiwa palepale, ila sasa ina vumbi.

— Nyinyi mnafanya mambo kwa kubahatisha, — alisema Kemia, akajisogeza mbele ya benchi, na walipoona amejisogeza mbele wakajua anaanza. — Harufu ni kitu, mabwana. Ina mwili wake. Haifukuzwi kwa maneno. Ya ukungu ni kama chachu, na chachu inauawa na siki. Ya vidonge ni kama mafuta, na mafuta yanataka hewa. Siki kwanza, hewa baadaye. Ukigeuza mpango huo umekwisha.

— Hilo umesoma wapi?

— Nimechanganya rangi miaka yote ile, nitakosaje kulijua?

— Ulichanganya rangi ulizoandikiwa kwenye pipa, — alisema Redio. — Ukikosea ndipo tulipopata sare za zambarau.

— Zile zambarau zilipendwa.

— Na nani?

— Zilipendwa, — Kemia alisisitiza, akatia siki na maji kwenye chupa ya kunyunyizia ambayo Wastani hupigia pasi. Akanyunyiza kola, akanyunyiza makwapa, akanyunyiza bitana, kwa vidole vyepesi vya mtu aliyewahi kuaminiwa na kazi. Mistari ya magadi ikachemka povu dogo ikafa. Wakaliinamia wote wanne, vichwa vikigongana.

— Sasa linanuka kachumbari iliyozikwa, — alisema Redio.

— Ikikauka inaondoka.

— Ikikauka lini? Kesho yeye ataingia kwa wenye dawa ananuka kachumbari. Watampima.

Redio naye alikuwa na lake, alilolisikia redioni, kama alivyosikia redioni kila kitu alichokijua duniani: mashapo ya kahawa. Kahawa inakula harufu. Shangazi akakamua mashapo ya birika, yakakaushwa juu ya bati la jiko, yakafungwa kwenye soksi ambazo Redio alizivua miguuni bila kuombwa.

— Soksi zako tena? — Stoo akalalamika.

— Mfuko ni mfuko, mzee.

— Sasa koti lipigane na nani, ukungu au wewe?

Hapo wakacheka kidogo, hata Stoo, na soksi zikatumbukizwa mifukoni. Wakasubiri tena. Mtaro ulikuwa ukisema peke yake. Stoo alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mikono katikati ya magoti, na kila mara alitaka kuinuka kwenda kunusa, akajizuia, kama mtu anayepika ugali wa wageni na kuogopa kufunua sufuria. Mwishowe aliinuka akanusa. Akarudi akakaa.

— Tulipeleke kwenye friji ya mwuza nyama, — alisema Kemia. — Baridi inaua ukungu.

— Nitoke kule nanuka bucha?

— Basi tulifukie udongoni, — alisema Redio. — Usiku mmoja tu. Udongo unakula harufu yoyote. Mbwa akifa ukimfukia, siku mbili tatu hunusi kitu.

— Na mbwa mwenyewe ukimfukua anakuwaje?

— Hapo sijafikiria.

— Fikiria kwanza ndipo useme, — Shangazi alimkata. — Koti la mwenzio hilo.

— Na langu pia, Shangazi. Robo yake yangu.

— Ile robo ya mikono mifupi.

Redio alivuta kikombe chake, akakitazama kilivyo tupu, akakirudisha.

— Mimi nawaambia, tunapigana na kitu kidogo, — alisema, na sauti yake ilishuka. — Koti halina shida. Nililinda geti mimi. Watu walikuja kuomba kazi kila Jumatatu, wamepiga pasi, wamechana nywele, wengine na viatu vya kuazima vinang'aa. Na kabla mtu hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua huyu amekaa nyumbani muda gani.

— Ulijuaje? — aliuliza Wastani.

— Nilijua tu. Ilikuwa inamtangulia.

— Nini?

— Sasa nitaiitaje? Sina jina lake.

— Huo ni upuuzi, — alisema Kemia. — Kitu kisicho na jina hakina mwili.

— Haya. Basi kesho asimame mbali na geti, ili nisiwe nimesema kweli.

Stoo alilitazama jiko la Shangazi kwa muda mrefu. Alitaka Kemia aendelee kubisha. Kemia hakuendelea, alikuwa akikwangua doa la siki kwenye kidole.

Wastani aliwaita kwenye meza ya cherehani. Alikuwa amelinusa koti kwa utaratibu, kipande kwa kipande, kama anayesoma, na sasa alikuwa amesimama kwenye bega la kushoto.

— Imejificha huku, — alisema. — Ndani ya vimito vya mabegani. Sufu ya nje imejitahidi, bitana imejitahidi, lakini pamba iliyo humu imekunywa unyevu wote wa chumba chako. Nikivitoa, harufu imekosa makao.

— Ukivitoa koti litasimama vipi?

— Halitasimama. Litalala. Lakini litanyamaza.

— Usaili ni kesho, Wastani.

— Najua siku, bwana. Nipe ruhusa.

Stoo aliitikia kwa kichwa, kisha akageuza uso, maana hakuweza kutazama. Alisikia nyuzi zikikatwa, moja baada ya nyingine. Aliposikia kimya akageuka, akamwona Wastani ameshika kimito kimoja mkononi, kimepasuka ubavuni, na pamba imechungulia: pamba chafu ya rangi mchanganyiko, buluu, nyekundu, kijivu, ile iliyokuwa ikifagiwa chini ya mitambo kila mwisho wa zamu.

— Nilisahau, — alisema Wastani. — Nilijaza kwa pamba ya kufagiwa kiwandani. Sikuwa na nyingine.

Akaipeleka puani. Kisha akampa Kemia. Kemia alifumba macho.

— Ile buluu ya asubuhi, — alisema. — Inusieni. Hii ndiyo tuliyokuwa tukiianza pipa likiwa bado baridi.

Redio alinusa, akasema mafuta ya mashine. Akasema tena, taratibu, mafuta ya mashine, kana kwamba amemkuta jamaa yake barabarani na hamkumbuki jina. Kimito kikamfikia Stoo mwisho. Chini ya uvundo wa sandukuni, mbali kabisa, ilikuwapo: harufu ya mlango mkubwa wa ghala unaposukumwa asubuhi, marobota yamepangwa hadi juu, na yeye peke yake ndani akiwa na funguo. Alikaa nayo puani kupita kiasi. Wenzake walimtazama kisha wakaacha kumtazama.

— Nivitupe au nivirudishe? — Wastani akauliza.

— Vitupe.

— Una hakika?

— Nakwenda kuomba kazi mpya, — alisema Stoo. — Tupa.

Wastani alivifagia kando ya meza. Kimoja kilianguka, na Kemia alipodhani hakuna anayemwona, alikiokota akakitia mfukoni mwa shati.

Mabega yakashonwa tena. Koti sasa lilikuwa limelegea kama mtu aliyeambiwa habari mbaya, na Wastani akalitundika kwenye msumari wa nguzo ya kibaraza lipate hewa. Wakakaa kwenye benchi, mstari mmoja, wakivuta pumzi.

— Bado naisikia, — alisema Redio.

— Lipo karibu mno, — alisema Kemia. — Liende kwenye kamba, ng'ambo ya barabara.

Wastani akavuka, akalianika kwenye kamba ya jirani. Akarudi akakaa. Wakavuta pumzi.

— Bado, — alisema Redio.

— Mimi pia naisikia, — alikiri Wastani.

— Sufu ikikaa mahali huacha kivuli chake, — Kemia akaeleza. — Ni hiyo meza.

Meza ikasuguliwa kwa sabuni. Mfuko wa nailoni ukachukuliwa kwa ncha za vidole na kutupwa kwenye pipa la taka lililo mbali. Wakasugua hata benchi, wakasimama wakingoja likauke, kisha wakakaa. Harufu ilikuwapo, imetulia katikati yao kama mtu wa tano.

— Lipelekwe juu, — alisema Redio, na sasa hakukuwa na mzaha sautini mwake. — Kule ghorofani.

Mwisho wa mtaa lilikuwapo jengo ambalo mwenyewe aliishiwa nguvu kabla halijapata paa; nguzo za zege zimesimama na nondo za chuma zimechomoza juu kama vidole. Pale upepo haukatiki. Redio, kwa ule urefu wake, alikwenda nalo mwenyewe. Wakamwona akipanda ngazi zisizo na ukuta, wakaona koti likiinuliwa juu ya fimbo ya chuma, mikono ikijaa upepo, likawa kama mtu mfupi anayeita watu asiowajua. Redio alirudi akihema, akajitupa kwenye nafasi yake.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvuta pumzi.

Wakati huo ndipo alipokuja mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, binti aliyeajiriwa kufundisha watoto wadogo shule ya jirani. Alikuwa amehamia juzi, na hapo kijiweni hakuwahi kusimama. Alikuwa akitokea upande wa lile jengo, mkononi ana ndoo mpya yenye karatasi ya dukani bado imebandikwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — walijibu, na Stoo akaisikia sauti yake ikiwa ya kizee kuliko ya wengine.

— Shangazi, naomba kahawa.

— Iliyobaki ni ya kikombe kimoja, na ina mashapo. Utakunywa?

— Nitakunywa.

Alisimama akipuliza kikombe. Kisha pua yake ikacheza kidogo, na kwa adabu akageuza uso kuelekea mtaroni, kisha akaurudisha.

— Samahani wazee wangu, msinielewe vibaya. Hapa pana kitu gani? Naona kama kuna harufu ya sanduku. Nguo za mtu zilizofungiwa muda mrefu.

Benchi zima lilipumua kwa pamoja. Ilikuwa faraja kuulizwa jambo wanalolijua.

— Umeipata sawasawa, — alisema Kemia. — Ni koti la mwenzetu huyu. Kesho ana usaili.

— Tumepigana nalo tangu asubuhi, — alisema Wastani. — Magadi, siki, kahawa. Nimelitoa hadi matumbo.

— Na soksi zangu, — alisema Redio.

— Pole sana, baba, — binti alimwambia Stoo. — Koti lenyewe liko wapi?

Wote wanne wakanyoosha vidole mwisho wa mtaa, juu, penye ile mikono ya kijivu iliyokuwa ikipunga.

Binti akatazama huko. Akatazama benchi.

— Lile? Mbona nimetoka palepale sasa hivi. Nilipanda nikidhani kuna mafundi wanaouza mchanga, nikakuta hakuna mtu, ila koti. Lilinipiga usoni kwa upepo. Linanuka siki tu, na kahawa kidogo. — Alifikiri, akionekana kutafuta namna ya kuuliza bila kuvunja heshima. — Sasa kama koti liko kule, hapa kinachonuka ni nini?

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama angewauliza watoto wa darasani, akiamini kwamba mmoja wao atanyoosha mkono.

Kemia alijisogeza mbele ya benchi, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kile kiwe kijiwe, akajirudisha nyuma. Wastani alianza kupanga pini kwenye sahani. Redio alitazama ardhi, miguu yake mitupu ndani ya viatu. Hakuna aliyeinua kola yake kuinusa. Walikaa vilevile kwenye mbao zile za kupangia marobota, bega kwa bega, wamepangana.

— Nimeuliza vibaya? — alisema binti.

— Hapana, mwanangu, — alijibu Shangazi. — Leta kikombe.

Akakisuza ndooni, akaligeuza birika kichwa chini, akaligonga mara moja kwenye jiwe. Hakikutoka kitu. Tone la kwanza la mvua likalia juu ya bati la kibaraza, kisha la pili, na Wastani akasema bila kumtazama mtu:

— Stoo, koti litalowa.

Stoo aliinuka, akaenda. Alipita penye kamba ya jirani, akapita penye pipa la taka, akapanda zile ngazi zisizo na ukuta, akishika zege lenye unyevu. Juu upepo ulikuwa safi kabisa. Koti lilikuwa likicheza mbele yake, jepesi, halina harufu ya sanduku wala ya chumba chake, halina mabega ya mtu. Alinyoosha mikono kulishusha kabla mvua haijakolea. Vidole vilipokaribia kola, akavirudisha. Akavifuta kwenye suruali, mbele na nyuma, akavitazama, akavifuta tena. Kule chini watatu walikuwa wamesimama ukingoni mwa kibaraza wakimpungia alichukue, alichukue upesi, na mvua ilikuwa inakuja, na yeye alikuwa bado amesimama na mikono yake nyuma ya mgongo.